Mia Mbili na Saba

Septemba, kaskazini mwa Aisilandi, kondoo wameteremshwa.
Wamefurika zizini kama maziwa yaliyochemka,
na Thorgils, kompyuta juu ya ndoo iliyofudikizwa,
anasoma namba masikioni: mia mbili na tano, na sita.
Mia mbili na saba hayupo.

Jedwali lake ni jepesi, alilitunga usiku mmoja wa Machi:
namba, mwenye mali, siku ya kupanda, siku ya kurudi.
Asiyerudi, safu yake ya mwisho hubaki pengo.
"Pengo linajieleza," aliwaambia wafugaji mkutanoni,
na wafugaji, waliokuwa wakingoja kahawa, waliafiki.

Sasa mapengo ni arobaini na moja, na hakuna linalojieleza.
Huyu aliuzwa Juni, mlima hakuuona.
Huyu aliporomoka gengeni, mbweha wakamalizia.
Huyu yumo humu humu zizini, anatutazama,
ila kijana wa kuandika alikuwa anakula.
Na huyu, hatujui.
Nyumba nne, mlango mmoja, mlangoni hakuna jina.

Akaiuliza mashine: nipe wote ambao siku yao ya kurudi si leo.
Ikampa waliorudi jana.
Mapengo yakanyamaza.
Pengo halilingani na leo, wala halitofautiani na leo;
weka pengo kando ya pengo, uliza kama ni ndugu,
mashine haisemi ndiyo, haisemi la.

Lugha hii ninayoandikia ingemsaidia.
Hajarudi: chakula chake kimefunikwa.
Hakurudi: tulihesabu, tukafunga kitabu.
Harudi: kakataa, au kakataliwa.
Hatarudi: tumezika, hata kama hatukuzika kitu.
Silabi moja tu, *ja* ikiwa *ku*, na mtu amekuwa mjane.

Basi Thorgils akaongeza safu, akaiita hali.
Yupo. Ameuzwa. Amekufa. Anatafutwa.
Alama, kama zile za kisu
zilizokatwa masikioni tangu kabla ya namba:
ncha ya kulia imeondoka, tundu kushoto, basi ni wa Hallbera.
Na kwa kuwa orodha ikishajazwa hutaka kujazwa tena,
akatunga na sheria: siku ya kwanza ya majira ya baridi,
kila anayetafutwa awe amekufa.

Hallbera huendesha basi la shule.
Aliisoma karatasi amesimama, injini inanguruma nje.
"Nani kamwona akifa?"
"Ni sheria tu."
"Sheria ilipanda mlimani?"

Desemba, tarehe tisa, mia mbili na saba akashuka peke yake,
si peke yake: nyuma yake mwanakondoo,
barafu imeganda manyoyani, inagongana kama vijiko.
Thorgils akajaza siku ya kurudi.
Mstari ukasomeka: amekufa, amerudi tarehe tisa.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Pengo halikujua kitu.
Alama ilikuwa imejua uongo, tena kwa herufi safi.

Jioni ile Hallbera alimwonyesha kitabu cha ukoo wao.
Kaka yake, Eyvindur. Siku ya kuzaliwa, kwa wino mweusi.
Upande wa pili mchungaji aligusisha kalamu,
likabaki doa dogo, kisha akainua mkono.
Miaka arobaini lile doa.
Hallbera hakusema jambo. Aliongeza sukari kwenye kahawa yake,
ambayo huwa hatii sukari.

Thorgils akafuta sheria yake.
Akaongeza hali ya tano, haijulikani,
na kando yake safu mbili: nani kasema, na lini.
Hakuwa na uhakika. Mpaka leo hana;
jedwali limekuwa pana, kioo cha simu hakilitoshi.

Ikabaki kumwandikisha mwanakondoo.
Namba, akapewa. Mwenye mali, Hallbera.
Siku ya kupanda: mashine ikasubiri, kijistari kikipepesa.
"Acha wazi," akasema Hallbera, funguo za basi mkononi.
"Huyo hakupanda. Alizaliwa huko."